Fukusi Hukimbia Mwanga

Mkulima, mtoto wako akirudi kutoka shuleni na kukuomba sanduku tupu na fukusi 20, usimwambie aache mchezo. Jambo analofundishwa na mwalimu wake laweza kukuokolea magunia ya mahindi. Keti naye, mfanye jaribio hili pamoja.

Twaeni sanduku la viatu. Funikeni nusu yake kwa kitambaa cheusi kizito, na nusu ya pili iwe wazi. Liwekeni kivulini penye mwanga mzuri, wala si juani, kwa sababu joto pia huwakimbiza wadudu, nanyi mnataka kujua habari za mwanga peke yake. Kisha mwageni fukusi katikati. Kwanza watakunja miguu na kulala kama wamekufa. Hiyo ni hila yao. Ngojeni dakika 10, halafu hesabuni walio kwenye mwanga na walio gizani, mwandike.

Mtaona kwamba wengi wamekwenda gizani. Lakini msikate shauri bado. Labda wameupenda upande ule kwa sababu nyingine. Basi hamisheni kitambaa mfunike upande uliokuwa wazi, mngoje tena. Fukusi wakihama kulifuata giza, sasa mna ushahidi. Rudieni mara 3, maana jaribio la mara moja ni kama shahidi mmoja.

Sababu yake ni nini? Maisha ya fukusi ni ya gizani. Jike hutoboa punje, hutaga yai ndani yake, kisha huziba tundu. Buu hula punje kwa ndani, na baada ya wiki 5 hivi, kukiwa na joto, fukusi mpya hutoka. Gunia lililofungwa ghalani ni nyumba yake kamili.

Lakini si wadudu wote walio hivyo. Washa taa nje usiku, utaona nondo wakiizunguka. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Muguga, karibu na Nairobi, waliitumia tabia hiyo. Walitega nondo wa viwavi jeshi kwa mitego ya taa na kuwahesabu, ili wakulima waonywe mapema.

Sasa tutoke kwenye sanduku twende ghalani. Siku ya jua kali, tandaza mahindi yako juu ya turubai, yawe tabaka jembamba, nawe uyageuze mara kwa mara. Mwanga na joto vitawatoa fukusi, nao watakimbilia pembeni kutafuta giza. Wafagie, uwamwage katika maji ya moto. Usiyaanike karibu na ghala, ama watarudi kwa miguu yao wenyewe.

Jihadhari na kosa moja. Ukiona fukusi wamekwisha kukimbia, usidhani kazi imekwisha. Mayai na mabuu yamo ndani ya punje, ambamo mwanga haufiki. Kwa hiyo, mahindi yakisha kukauka sawasawa na kupoa, yatie katika mifuko isiyopitisha hewa, uifunge barabara. Wadudu waliobaki ndani watakufa kwa kukosa hewa. Mfuko ukitoboka, hauna faida tena.

Kabla ya kuingiza mavuno mapya, lisafishe ghala. Toa punje zote za mwaka uliopita, uchome takataka. Angalia nyufa za kuta na mbao, kwa maana humo ndimo fukusi hujificha. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa mkulima, ufa mdogo wa ghala waweza kuwa gunia zima la unga.

Mahindi hayo ndiyo chakula cha watoto mpaka mavuno yajayo, na ziada yake ndiyo karo yao. Basi mpe mtoto lile sanduku.