Tarumbeta Wakati wa Baridi: Somo kwa Kamati Zetu

Baadhi ya wafadhili hutuuliza swali ambalo hatupaswi kulipuuza: je, ni haki kutumia fedha kwa tarumbeta wakati watu wanahitaji maji na dawa? Katika toleo hili tunaeleza jinsi sharika za Kiinjili nchini Ujerumani zinavyoendesha tamasha lao la majira ya baridi, na tunachojifunza.

Asili yake

Kikundi cha namna hii huitwa Posaunenchor, yaani kwaya ya tarumbeta. Harakati hii ilianza katika miaka ya 1840 huko Jöllenbeck, karibu na Bielefeld, na kuenezwa na Mchungaji Eduard Kuhlo na mwanawe Johannes. Wapigaji walifundishwa kusoma noti zilezile za waimbaji, hivyo kitabu kimoja kiliwatosha wote. Eneo hilo si geni kwetu. Misheni iliyokuja kuitwa ya Bethel, palepale Bielefeld, ilianza kazi Mlalo, Usambara, mwaka 1891.

Tamasha lenyewe

Wapigaji si watu wa kulipwa. Ni wakulima, walimu, wastaafu na wanafunzi wanaokutana kila wiki. Mara nyingi vyombo ni mali ya usharika, na mkubwa humfundisha mdogo bila malipo. Majira ya Majilio na Krismasi ndiyo yenye kazi nyingi: hupiga kanisani, hospitalini, sokoni, na hata juu ya mnara wa kanisa.

Baridi huleta shida zake. Kwenye nyuzi joto 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kwenye nyuzi 0 husafiri mita 331 tu. Kwa hiyo chombo kilichopoa hushuka sauti kwa zaidi kidogo ya robo toni, na msikilizaji hutambua mara moja. Ndiyo maana wapigaji hupuliza pumzi polepole ndani ya chombo, bila kutoa sauti, kabla ya zamu yao. Nje, unyevu wa pumzi huweza kuganda na vitufe vikakwama.

Kwa kawaida hakuna tiketi. Sahani ya sadaka huwekwa mlangoni, na kabla ya wimbo wa mwisho watu hutangaziwa sadaka itakwenda wapi. Shirika la Brot für die Welt (Mkate kwa Ulimwengu) lilianza wakati wa Majilio ya mwaka 1959, na hadi leo kampeni yake ya kila mwaka hufunguliwa Jumapili ya kwanza ya Majilio. Sharika nyingi hulipelekea sadaka ya mkesha wa Krismasi. Baadhi ya fedha hizo hufadhili miradi ya maji na kilimo katika nchi kama zetu.

Somo kwetu

Kwa hiyo jibu letu kwa wafadhili ni hili: tarumbeta inayopigwa haishindani na kisima, inaweza kusaidia kukichimba. Lakini tarumbeta iliyolala stoo haisaidii chochote. Tumeona vyombo vya msaada vikipata kutu kwa kukosa mafuta ya vitufe na mtu wa kuvitengeneza. Tunaziomba kamati zijiulize mambo matatu kabla ya kupokea vyombo:

1. Nani atafundisha, na nani atamrithi?
2. Fedha za matengenezo zitatoka wapi kila mwaka?
3. Sadaka ya tamasha itatangazwaje, na hesabu yake itasomwa lini mbele ya washarika?

Kamati isiyo na majibu isione aibu kusema, "Bado hatujawa tayari." Nanyi wafadhili, mnapotoa tarumbeta, tafadhali kumbukeni pia mwalimu na fundi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kilichotoboka hakijai.