Ughaibuni Kupe Hamngoji Ng'ombe

Mfugaji wa Kajiado au Mpwapwa anamjua kupe vizuri. Ni adui wa ng'ombe: huleta ndigana kali, humaliza ndama, na kinga yake ni josho. Mfugaji akimkuta kwenye mguu wake mwenyewe humng'oa, akamponda kwa jiwe na kuendelea na shughuli zake.

Mazoea hayo yanawaponza wanaohamia kaskazini-mashariki mwa Marekani. Katika miji ya Portland na Lewiston, jimbo la Maine, zimo familia za Wakongomani wanaozungumza Kiswahili nyumbani, na Maine ni miongoni mwa majimbo yanayoongoza nchini humo kwa ugonjwa wa Lyme, unaosababishwa na bakteria wanaoenezwa na kupe. Wageni huulizia baridi, theluji na dubu. Kupe hawamuulizii.

Kumwona kwenyewe ni kazi. Anayeambukiza watu zaidi ni kupe mchanga, ambaye hafikii hata punje ya ufuta, na huzagaa kuanzia Mei hadi Julai, pale joto linapowatoa watu nje. Haruki wala hadondoki kutoka mtini. Hukaa kwenye majani makavu au ncha ya nyasi, miguu ya mbele ameinyoosha, akimvizia yeyote atakayemgusa. Akishadaka nguo hupanda taratibu mpaka nyuma ya goti, kinenani, kwapani au ndani ya nywele. Mate yake hutia ganzi, kwa hiyo anayeumwa hasikii kitu. Bakteria hazaliwi nao. Huwapata anaponyonya damu ya panya wa porini. Kulungu, ambao wengi huwalaumu, hulisha kupe wakubwa na kuwasambaza, lakini si wao wanaowapa bakteria.

Ugonjwa ulipata jina lake kutokana na mji wa Lyme, jimbo la Connecticut. Mwaka 1975 mama mmoja wa huko, Polly Murray, aliona watoto wengi kupita kawaida wakivimba magoti, akaitaarifu idara ya afya ya jimbo. Laiti asingeng'ang'ania, watoto wale wangeendelea kuhesabiwa kuwa na baridi yabisi tu. Mwaka 1982 mwanasayansi Willy Burgdorfer na wenzake walitangaza kuwa wamempata bakteria mwenyewe ndani ya kupe, na sasa anaitwa Borrelia burgdorferi.

Ukoo huo wa Borrelia si mgeni Afrika Mashariki na Kongo. Homa ya papasi, iliyowatesa kwa miaka mingi wakazi wa nyumba za udongo mkoani Dodoma, huletwa na Borrelia duttonii. Jina hilo linamkumbuka Joseph Dutton, daktari Mwingereza aliyefia Kongo mwaka 1905 akiwa katika kazi ya kuuchunguza ugonjwa huo.

Tofauti ya papasi na kupe wa Lyme iko kwenye saa. Papasi hutoka kwenye ufa wa ukuta usiku, hunyonya kwa dakika chache na kurudi alikotoka, na vimelea vyake viko tayari kuingia mwilini mwa mtu. Kupe wa Lyme hung'ang'ania ngozi siku kadhaa, na bakteria wake wanaishi tumboni. Damu yenye joto ikiingia ndipo wanapoamka, wanazaliana na kusafiri hadi kwenye tezi za mate. Safari hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 24. Ndiyo maana kukaguana mwili kila jioni, hasa watoto, kuna thamani kubwa kuliko dawa yoyote ya dukani.

Akipatikana, ashikwe kwa kibano chenye ncha nyembamba karibu kabisa na ngozi, avutwe juu moja kwa moja bila kuzungushwa. Kumpaka mafuta ya taa au kumchoma kwa kiberiti kunapoteza muda, na muda ndio unaotafutwa. Nguo zikiwekwa kwenye mashine ya kukaushia, dakika 10 za moto mkali huwaua waliojificha. Pamethrini, dawa ileile ya vyandarua, hupuliziwa nguo na viatu, si ngozi.

Dalili ya kwanza kwa wengi ni baka linalotokea siku 3 hadi 30 baada ya kuumwa. Hapa kuna dosari inayopaswa kusemwa wazi: picha nyingi za vipeperushi zinaonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi baka linaweza kuwa la zambarau, la kahawia, au kufanana na vilio la damu. Tafiti za Marekani zimeonyesha kwamba wagonjwa weusi mara nyingi hugundulika wakiwa wamechelewa, magoti yameshavimba. Rangi isiwe kigezo pekee. Kinacholitambulisha ni kutanuka siku hadi siku, hadi kupita sentimita 5, mara nyingi bila kuwasha wala kuuma. Kuchora ukingo wake kwa kalamu na kulipiga picha kila siku humpa daktari ushahidi.

Likigunduliwa mapema, doksisaiklini au amoksilini kwa wiki mbili hivi hutosha kwa walio wengi. Likiachwa, upande mmoja wa uso unaweza kupooza, mapigo ya moyo yakavurugika. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, ambazo wiki za mwanzo huwa hazijatosha, hivyo majibu safi hayamalizi shaka. Daktari anayelitambua baka anaweza kuanza matibabu bila kuyasubiri.

Miezi ya kupe hao ndiyo pia miezi ya watu wa ughaibuni kuja nyumbani likizo. Aliyeumwa Maine wiki moja kabla ya kupanda ndege anaweza kushikwa na homa akiwa Bukavu au Arusha, na vipimo vya malaria visionyeshe kitu. Daktari wa huko huenda hajawahi kumtibu mgonjwa wa Lyme. Mgonjwa aseme mwenyewe ametoka jimbo gani, alipita kwenye nyasi lini, na alivue shati aonyeshe mgongo.