Darasa la Vipande katika Milima ya Gusii

Mwenye kuingia Kisii kwa njia ya Sotik na Keroka katika miezi ya kiangazi, atazamapo mabondeni chini ya mikalitusi, huona moshi ukipanda kutoka matanuri ya matofali, na yamkini akapita asijue kwamba ameiona nguzo ya biashara ya ujenzi katika kaunti mbili, Kisii na Nyamira. Kwani tofali hilo la udongo mwekundu, lililofyatuliwa kwa mikono na kuchomwa kwa kuni, ndilo lililojenga makanisa, maduka na madarasa mengi ya nchi ya Wagusii. Leo limepata mshindani, naye ni darasa la vipande, yaani jengo ambalo kuta na paa lake huundwa kiwandani, zikasafirishwa, kisha zikaunganishwa shuleni kwa muda mfupi.

Haja ya madarasa haina shaka. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kisii na 605,576 katika Nyamira, na Kisii peke yake ilikuwa na watu zaidi ya 950 katika kila kilomita ya mraba, hata shule nyingi zimebanwa na chai na migomba ya majirani, zisiwe na pa kujitanua. Juu ya msongamano huo ukaja mtaala mpya, ambao tangu Januari 2023 umewaweka watoto wa sekondari msingi katika viwanja vya shule za msingi. Na gredi ya 9 ilipokaribia kuanza mwaka 2025, Serikali iliahidi madarasa 16,000 kwa nchi nzima. Mwalimu mkuu ambaye ana wiki chache tu za likizo, na baada yake watoto watarudi wawe na pa kukaa au wasiwe napo, hana lawama akivutiwa na jengo liahidiwalo kusimama kabla ya kengele ya muhula.

Natuanze na aina inayotajwa zaidi, nayo ni kontena. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka darasa la mita 7.5 kwa 6 au karibu na hapo, kwa wanafunzi wasiozidi 40 katika madawati ya watu wawiliwawili. Kontena la futi 20 lina upana wa mita 2.44 tu, lakini matatu yakipangwa ubavu kwa ubavu na kuta za katikati zikakatwa, hutoa chumba cha mita 7.3 kwa 6, kinachokaribia sana kipimo cha Wizara. Hesabu hiyo hupendeza karatasini. Walakini kontena tupu lina uzito wa tani 2 na zaidi, na likikatwa kuta hupoteza nguvu, likahitaji nguzo za chuma badala yake. Fauka ya hayo, sharti lipande kwa lori na kushushwa kwa kreni, na katika vilima vya Nyamache au Magombo wakati wa masika, ambapo pikipiki yenyewe husukumwa matopeni, sioni kreni hiyo itapitia wapi. Na mvua ya alasiri ikianguka, nayo huko huja na mawe ya barafu, mwalimu aliye chini ya bati lisilo na dari hunyamaza akangoja. Seuze aliyezungukwa na chuma pande zote.

Aina ya pili ni nyepesi zaidi, na kwa maoni yangu ina akili zaidi. Ni ubao wa povu gumu la polistaireni uliobanwa kati ya nyavu mbili za waya, ambao Shirika la Taifa la Nyumba huutengeneza katika kiwanda chake cha Mavoko. Watu wawili huubeba mabegani, wakausimamisha juu ya msingi, kisha ukapigwa plasta ya saruji ndani na nje. Lakini wepesi huo una taksiri yake, maana lori huijaza nafasi kabla ya kuujaza uzito, na mnunuzi wa Nyamira hujikuta analipia zaidi ya kilomita 300 za kusafirisha kitu ambacho sehemu yake kubwa ni hewa. Saruji, mchanga na maji bado atavitafuta mwenyewe. Na msingi, ambao katika ardhi ya mteremko hutaka kuchongwa ngazi na kujengewa ukuta wa kuzuia udongo, hauundwi kiwandani hata kidogo. Kila kilima hutaka wake.

Hapa ndipo ninapoona wengi wameishika hoja kwa mkia. Uingereza, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilijenga shule nyingi kwa vipande, na mwaka 1957 serikali za mitaa kadhaa, Nottinghamshire ikiwa mbele kwa sababu ardhi yake ilititia juu ya migodi ya makaa, ziliungana katika mpango ulioitwa CLASP. Zilinunua pamoja, kwa michoro ileile, miaka mfululizo, na kiwanda kikawa na yakini ya kazi ya kesho. Kwetu fedha huja kinyume cha hivyo. Mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ulioanzishwa mwaka 2003, hutoa darasa moja hapa na mawili kule, kila shule na mkandarasi wake, na malipo aghalabu hufuata baada ya kazi kukaguliwa, ilhali mwenye kiwanda hutaka amana kabla ya kupakia shehena. Kiwanda hakiwezi kuishi kwa oda ya darasa moja.

Tanzania mwaka 2021 ilijenga madarasa 15,000 kwa fedha za UVIKO, kila moja likitengewa shilingi za huko milioni 20, na kazi ikafanywa na mafundi wa mahali chini ya kamati zao, kwa utaratibu wanaouita fosi akaunti. Kilichofanywa kuwa kimoja pale kilikuwa bei na ramani. Ukuta uliachiwa fundi. Kisii ina maeneo bunge 9 na Nyamira 4. Hayo 13 yakikubaliana juu ya ramani moja, mlango mmoja, dirisha moja na kenchi moja ya chuma, basi karakana za kuchomelea zilizopo mjini Kisii na Keroka zinaweza kuviunda vitu hivyo kwa mamia, vikapanda mlimani kwa kanta au kwa mabega ya wazazi.

Na ukuta? Kwa ukuta ningechagua tofali la kufungamana, lisilochomwa, linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo uliochanganywa na saruji kidogo, likamwagiwa maji na kufunikwa hadi likomae. Udongo wa Gusii una mfinyanzi mwingi, kwa hiyo hutaka kuongezwa mchanga, nao huletwa kutoka upande wa ziwa kwa gharama. Lakini kuni hazihitajiki, na mikalitusi ikabaki kuuzwa nguzo. Mashine hiyo ni kipande cha kiwanda kinachobebwa na pikapu moja, ikahamia shule ya pili kazi ikiisha katika ya kwanza.

Wafyatuaji wa tofali la kuchoma hawajaulizwa neno katika jambo hili, nami naona ni kosa kubwa. Wao wanajua ni bonde lipi lina udongo unaopasuka ukikauka, na ni lipi lina udongo unaoshikana, maarifa ambayo mhandisi atokaye Nairobi atayalipia kwa vipimo vya maabara. Mashine ikifika, wao ndio wa kwanza kukabidhiwa mpini wake.