Kinundu na Fundo: Istilahi za Mizizi ya Mikunde

Mkulima wa milima ya Uluguru ang'oapo mche wa maharage huweza kuona vivimbe vidogo mizizini. Mfasiri akiviita vyote "uvimbe", mkulima atadhani kuwa shamba lake limeugua. Yafaa basi tutofautishe istilahi mbili.

Kinundu ni makao ya bakteria waitwao rizobia. Mzizi wa mmea wa jamii ya kunde hutoa udongoni kemikali ziitwazo flavonoidi. Rizobia wanaoafikiana na mmea huo huzitambua, nao hujibu kwa kemikali yao. Ndipo kinyweleo cha mzizi hujikunja na kuwapokea, na kinundu huota. Humo bakteria hugeuza naitrojeni ya hewani iufae mmea. Mmea nao huwapa sukari. Kemikali hizo twaziita "ishara", wala si "dalili", kwa kuwa dalili hujitokeza yenyewe, bali ishara hutolewa ikajibiwa.

Fundo ni uvimbe wa mzizi wenyewe, usababishwao na minyoo fundo. Kinundu hubanduka kwa urahisi, na kikikatwa wakati kinapofanya kazi huwa na rangi ya waridi ndani; fundo halibanduki.

Mhitimu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984, amejifunza mambo haya kwa Kiingereza. Mkulima hutegemea Kiswahili chetu. Jina moja likitumika kwa vitu viwili, huenda akang'oa kimfaacho na kukiacha kimdhurucho.