Namna ya Kuipima Injini ya Gari la Mkononi

Hapa Nyasubi katika mji wa Kahama, twaona siku hizi nyumba nyingi zikifikiri habari ya kununua gari. Watoto ni wengi, shule iko mbali, mama ana magunia ya mchele ya kupeleka sokoni, na bibi akaa kijijini ambako njia ni vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa mvua. Gari la chini halifai njia hizo. Kwa hiyo watu hutamani gari la juu: RAV4, Escudo, X-Trail au Harrier, na mwenye uwezo zaidi hutamani Prado. Lakini gari jipya la namna hiyo halinunuliki kwa mshahara wa mwalimu wala kwa mavuno ya msimu mmoja. Basi mtu hukusanya akiba ya miaka mingi, au hukopa katika SACCOS, akanunua gari lenye umri wa miaka 15 au 20, lililokwisha kupita katika mikono ya watu watatu au wanne.

Hapo ndipo penye hatari. Mlango wenye kutu wavumilika, na kiti kilichochanika chashonwa. Lakini injini ikifa, gari ni bati tupu mbele ya nyumba, na mkopo haufi pamoja nayo; mshahara utakatwa kila mwezi vile vile, na ada ya watoto itapungua. Kwa sababu hiyo yafaa kila mwenye nyumba ajue kuipima injini kabla hajatoa fedha, hata kama yeye si fundi.

Neno kubwa la kushika ni hili: injini haipimwi kwa jina lake, wala kwa umri wake, wala kwa maneno ya muuzaji; yapimwa kwa dalili za matunzo. Umri hauui injini kama uzembe uuavyo. Mchungaji wa Usukuma akienda mnadani hanunui ng'ombe kwa kusifiwa rangi yake. Hufunua kinywa akatazama meno, kisha humwendesha amwone anavyotembea. Na mnunuzi wa dhahabu kule Kakola au Geita hauamini mng'ao. Huiweka dhahabu mizanini. Injini nayo ina meno yake na mizani yake.

ALAMA ZINAZODANGANYA

Ya kwanza ni namba ya gari. Watu husema, "Hili ni namba D," au "Hili ni namba E," wakidhani herufi yaonyesha umri. Sivyo. Herufi yaonyesha wakati gari liliposajiliwa katika nchi yetu, wala si wakati lilipoundwa. Gari la namba D laweza kuwa liliundwa mwaka 2003. Soma kadi ya gari, utauona mwaka wa kuundwa. Tena linganisha namba ya injini iliyo katika kadi na ile iliyochongwa katika injini yenyewe. Zikitofautiana, ujue injini ya kwanza ilikwisha kutolewa. Uliza kwa nini ilitolewa, na hii ya pili ilitoka wapi.

Ya pili ni kipimo cha kilometa. Huko Japani, yanakotoka magari yetu mengi, gari la nyumbani hutembea kilometa kama 10,000 kwa mwaka. Basi gari la mwaka 2004 likionyesha kilometa 62,000 tu, usifurahi upesi. Kipimo chaweza kurudishwa nyuma, lakini usukani uliolika, pedali zilizokwisha mpira na kiti cha dereva kilichobonyea havirudishwi nyuma kwa urahisi hivyo. Kama muuzaji anayo karatasi ya mnada wa Japani, itazame, maana kilometa za wakati ule zimeandikwa humo.

Ya tatu ni kazi ya zamani ya gari. Katika nchi hii ya migodi yako magari yaliyotumika Bulyanhulu, iliyofunguliwa mwaka 2001, au Buzwagi, iliyofunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021, au Geita. Gari la kazi huweza kusimama saa nyingi likinguruma pasipo kwenda, na kipimo cha kilometa hakihesabu saa hizo. Hata hivyo usilidharau kwa hilo tu, maana gari la kampuni mara nyingi lina daftari la matengenezo, na daftari la kweli lina thamani kuliko rangi mpya.

Ya nne ni jina. Watu husema, "Toyota haifi." Lakini Toyota si injini moja. Ile iitwayo 1HZ, ya dizeli, yenye silinda 6 na isiyo na tabo, yapatikana katika Land Cruiser tangu mwaka 1990, nayo imejipatia sifa ya uvumilivu. Bali 1KZ-TE ya Prado za zamani, ikiwahi kuchemka, silinda hedi yake hupasuka upesi. 1KD-FTV iliyoifuata ni nzuri, ila nozeli zake hutaka uangalizi, na washa zake za shaba zikivuja, masizi huingia katika oili. Baadhi ya RAV4 zina injini ya petroli iliyoandikwa D-4, ambayo haipatani na mafuta machafu. Na 2AZ-FE ya lita 2.4, iliyomo katika Harrier na RAV4 nyingi, wengine wameiona ikila oili. Usikatae gari kwa ajili ya jina la injini. Lakini ukijua ugonjwa wa ukoo, utajua mahali pa kutazama kwanza.

ASUBUHI, INJINI IKIWA BARIDI

Injini ikiwa moto huficha mengi. Kwa hiyo mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika, nawe uende mapema. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ukikuta joto, uliza kwa nini imewashwa, na ikiwezekana rudi kesho.

Fungua kifuniko cha rejeta, lakini injini ikiwa baridi tu, kwa maana ikiwa moto maji yataruka na kukuunguza. Maji safi yenye rangi yake ya dawa ni dalili ya matunzo. Maji ya kutu ni dalili ya mtu aliyejaza maji ya kisima mwaka baada ya mwaka. Ukiona mafuta yakielea juu, jihadhari sana.

Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ya dizeli huwa nyeusi upesi, nayo si kosa. Lakini ikiwa imepungua mno, au ikiwa nzito kupita kiasi, yafaa uulize, kwa maana wako watu wanaotia oili nzito ili kuficha moshi na milio. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia humo. Tazama na chini ya kifuniko cha oili, huenda ukakuta tope la miaka mingi.

Halafu washa. Ufunguo ukiwashwa, taa ya injini sharti iwake, na injini ikinguruma sharti izime. Isipowaka kabisa, pengine mtu ameiondoa ili isimshitaki. Katika Toyota nyingi za dizeli iko na taa iitwayo T-BELT, ikumbushayo kubadili mkanda wa taimingi, kwa kawaida kila kilometa 100,000. Taa hiyo yaweza kuzimwa pasipo mkanda kubadilishwa. Basi uliza risiti.

Simama nyuma ya gari uutazame moshi. Mvuke mchache wakati wa baridi ya asubuhi si kitu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto waweza kuwa maji yaliyoingia katika silinda. Moshi mweusi ni mafuta yasiyoungua vema, kwa sababu ya nozeli au ya chujio la hewa lililoziba. Mwisho, injini ikinguruma, legeza kifuniko cha oili. Pumzi kidogo ni desturi, hasa katika dizeli. Lakini ikisukuma kwa nguvu kama inayotaka kukirusha kifuniko, ringi za pistoni zimechoka.

VUMBI NA MAFUTA YA NCHI YETU

Kiangazi chetu cha Shinyanga kina adui wake, nalo ni vumbi. Likipita katika chujio la hewa hulika silinda kama msasa. Toa chujio, kisha futa kwa kitambaa cheupe ndani ya bomba lililo baada yake, upande wa injini. Kitambaa kikitoka chekundu, injini hiyo imekula vumbi, na hakuna sifa itakayolitoa.

Adui wa pili ni mafuta yaliyochanganywa. Ni kweli kwamba mwaka 2010 EWURA ilianza kutia vinasaba katika mafuta ili kuwakamata wachanganyaji, lakini gari la zamani huenda limekunywa mengi. Mafuta ya taa ndani ya dizeli hayalainishi, nayo huua pampu na nozeli. Dizeli iwakayo kwa shida asubuhi na kugonga sana ikiwa baridi, ipelekwe kupimwa nozeli.

MWENDO NA FUNDI

Usinunue kwa kuzunguka mtaa mmoja. Liendeshe gari hata Isaka na kurudi, na watu ndani yake, kwa maana ndivyo litakavyoishi. Mshale wa joto upande hadi mahali pake, utulie hapo. Ukipanda zaidi gari likiwa na mzigo, ugonjwa umejionyesha. Ukirudi, acha injini ingurume kidogo, kisha tazama chini: je, yadondosha? Injini iliyooshwa asubuhi ile ile ili ing'ae, ndiyo ya kutazamwa tena baada ya safari, wakati uvujaji umekwisha kurudi.

Dalali atakuambia, "Mwalimu, injini hii haijaguswa." Mjibu kwa upole, "Ndugu yangu, miaka 20 haijaguswa? Basi mkanda, pampu ya maji na termostati vilibadilishwa na nani?" Asiyeguswa kabisa na fundi si mzima sikuzote; pengine hakupata mwenye kumjali.

Mwisho, mlipe fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, apime mgandamizo wa kila silinda na kusoma makosa kwa kompyuta. Namba za silinda zote sharti zikaribiane. Moja ikianguka mbali, ndiyo habari yote. Ujira wake ni mdogo sana ukilinganishwa na bei ya injini nyingine. Tena usitumie fedha zote katika kununua. Weka sehemu kando kwa oili mpya, machujio, maji ya rejeta na mkanda, uvibadilishe katika juma la kwanza, uanze hesabu yako mwenyewe katika daftari lako.

Muuzaji mwema hakasiriki akiombwa haya. Atakupa ufunguo na kusimama kando. Anayekuharakisha kwa kusema wako wengine watatu wanaongoja, mwache awauzie hao watatu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na atakaye gari la kuwabeba watoto wake miaka kumi, asione haya kuinama asubuhi moja chini ya boneti.