Muda wa Mazoezi Uko Njiani Kwenda Shamba

Ndugu msomaji, nianze na swali. Jana ulikwenda shambani kwa miguu au kwa bodaboda? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, kisha endelea kusoma.

Mimi ni bwana shamba. Kata yangu iko kwenye miteremko ya milima ya Uporoto, Wilaya ya Mbeya. Umri wangu ni miaka 47. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini kuangalia viazi, mahindi, maharage na pareto. Watu wengi hudhani bwana shamba hawezi kukosa mazoezi. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini mimi nazunguka kwa pikipiki. Naondoka nyumbani nimekaa. Nafika shambani, nasimama dakika 10 pembeni ya matuta, kisha nakaa tena juu ya pikipiki. Jioni nakaa mezani kuandika taarifa.

Mwaka jana nilipita kwenye zahanati ya kijiji kimoja. Siku hiyo walikuwa wanapima presha. Foleni ilikuwa fupi, nikakaa. Mganga alinipima mara moja, akanyamaza. Akaniambia nitulie kidogo. Akapima tena. Akapima na mkono wa pili. Kipimo kilisoma 152 kwa 96.

Akaniuliza, "Bwana shamba, unafanya mazoezi?"

Nikajibu upesi, "Sina muda."

Mganga akacheka. Akasema jibu hilo amelisikia mara tatu asubuhi hiyo. Mwenye mashine ya kusaga amelitoa. Mwalimu amelitoa. Kijana wa bodaboda naye amelitoa. Mimi nilikuwa wa nne.

Namba hizi zina maana gani? Moyo ni kama pampu. Unasukuma damu kwenye mishipa mchana na usiku. Namba ya kwanza inaonyesha nguvu ya damu wakati moyo unasukuma. Namba ya pili inaonyesha nguvu ya damu wakati moyo unapumzika kati ya pigo na pigo. Mtu mzima akipimwa siku tofauti, na kila mara kipimo kikafika 140 kwa 90 au zaidi, huyo ana presha ya juu.

Watu wengi wenye presha hawasikii dalili yoyote. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Mtu analima, anacheka, anakula vizuri. Kumbe mishipa inaumia polepole. Siku moja anaamka, mkono mmoja na mguu mmoja havina nguvu. Amepata kiharusi. Kwa familia ya mkulima, mkono uliolala ni shamba lililolala. Nimeona nyumba moja ambayo binti aliacha masomo ili amlishe na kumwogesha baba yake. Baba yule alikuwa na umri wa miaka 52.

Wazee wetu walitembea

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Mimi nilikuwa sijazaliwa, lakini baba yangu alikuwa katika kikundi kimojawapo. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi nchi nzima. Walisikiliza redio, walisoma vitabu, walijadiliana. Kisha walichimba vyoo na kufyeka nyasi karibu na nyumba. Mafunzo yale yalihusu malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu.

Kwa nini mazoezi hayakupewa nafasi kubwa? Nadhani sababu ni rahisi. Nani angemwambia mwanakijiji wa mwaka 1973 atembee, na yeye anatembea kila siku? Mtoto alikwenda shule kwa miguu. Mama alikwenda kliniki kwa miguu. Mazao mengi yalibebwa kichwani au kwa punda.

Hata viongozi walitembea. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza. Njia hiyo ni zaidi ya kilomita 200. Alifanya hivyo kuunga mkono Azimio la Arusha. Wakati huo alikuwa Rais wa nchi. Katika kata yangu sijamwona mtu mwenye shughuli nyingi kuliko Rais, ingawa wapo wanaosema hivyo.

Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi bado wanatembea namna hiyo. Wanawinda, wanachimba mizizi, wanafuata asali. Watafiti waliwavalisha vipimo vya mapigo ya moyo. Wakaona kwamba kwa wastani Mhadzabe hutumia zaidi ya saa 2 kwa siku katika kazi zinazoamsha moyo. Wazee wao nao hawakai tu. Na presha ya juu kwao ni nadra.

Sisi wa milimani tumebadilika kimyakimya. Sisemi bodaboda ni mbaya. Pikipiki imewafikisha wajawazito hospitali usiku wa mvua. Imeteremsha magunia ya viazi hadi barabara kuu. Hayo ni maendeleo. Lakini sasa tunaipanda hata kwenda dukani, mahali ambapo zamani tulifika kabla nyimbo mbili za redio hazijaisha.

"Jembe linanitosha"

Katika mkutano mmoja mzee alisimama akasema, "Mimi ni mkulima. Jembe linanitosha." Wengi walimpigia makofi.

Mzee yule ana haki, lakini nusu tu. Kulima kwa jembe la mkono ni kazi nzito. Moyo unapiga, jasho linatoka, misuli inakaza. Mtu anayelima hivyo saa kadhaa kwa siku hahitaji kuambiwa akimbie. Tatizo ni kalenda. Hebu hesabu pamoja nami. Mvua zinaanza Novemba, tunapanda. Desemba na Januari tunapalilia. Baada ya hapo mahindi yanakua yenyewe. Tunavuna kuanzia Juni. Mwezi wa nane je? Mwezi wa tisa je? Wenye bustani za mabondeni wana kazi. Wengine tunakaa juani, tunapiga soga, tunahamia kilabuni kunywa komoni.

Tena siku hizi wapo wanaokodi trekta kulima na kijana kunyunyiza dawa ya magugu. Wao wanasimama pembeni na simu. Hawa wanaitwa wakulima, lakini jembe lao lina kutu. Sembuse mwenye duka, fundi cherehani, mwalimu na dereva wa bodaboda mwenyewe, ambaye hukaa juu ya kiti kutwa nzima.

Kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 kwa wiki, au zaidi. Linashauri pia siku 2 kwa wiki za kazi za kukaza misuli, kama kubeba, kuchimba au kupasua kuni. Dakika 150 ni nyingi ukizitazama kwa pamoja. Zigawe. Dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Nazo unaweza kuzikata. Dakika 10 asubuhi na 20 jioni, hesabu ni ileile. Hata kidogo kinahesabiwa.

Mwendo uwe upi? Tembea haraka kiasi kwamba unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, unatembea polepole mno. Ukishindwa hata kuzungumza, punguza mwendo. Kwa mwendo wa namna hiyo mtu huenda karibu kilomita 2 na nusu kwa dakika 30.

Sasa tazama shamba lako. Kama liko mwendo wa dakika 15, basi kwenda na kurudi ni dakika 30. Mazoezi yako yamekwisha, na nauli iko mfukoni. Hukutafuta muda mpya. Umeutumia uleule wa safari.

Pikipiki imeharibika?

Nikaamua kuacha pikipiki siku 3 kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Naiegesha kwenye ofisi ya kijiji. Mashamba ya karibu nayafikia kwa miguu.

Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Kilima kidogo tu, nikawa nahema kama mvukuto. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani akanikuta nimeinama, mikono magotini. Akasimama.

"Bwana shamba, pole mwanangu. Pikipiki imeharibika?"

"Haijaharibika, bibi. Natembea tu."

Akanitazama kwa huruma. Akaendelea kupanda kilima, akanipita. Nilimfuata nyuma na sikumfikia.

Wiki nzima niliulizwa swali hilohilo. Petroli imekwisha? Umenyang'anywa pikipiki? Mkubwa wako kakukasirikia? Ndugu msomaji, usidhani kinachotuzuia ni muda peke yake. Kinachotuzuia ni aibu pia. Kijijini mtu mzima akitembea bila mzigo huonekana maskini. Akikimbia huonekana amefiwa au amekimbiwa na ng'ombe. Dawa ya aibu ni kuwa wawili. Mwalimu mmoja alipoanza kufuatana nami Jumatano, maswali yalipungua. Tukawa wanne, yakaisha.

Nilipata na faida ambayo sikuitegemea. Juu ya pikipiki nilikuwa naona kingo za mashamba tu. Kwa miguu nikapita katikati. Wiki ya pili niliona mashina ya viazi yamenyauka wakati udongo una maji ya kutosha. Nikakata kiazi kimoja. Ndani kilikuwa na duara la kahawia, na ute mweupe unatoka. Ulikuwa mnyauko bakteria. Tukang'oa mashina yale na kuyaondoa shambani kabla ugonjwa haujasambaa. Kutoka barabarani nisingeuona.

Na akina mama?

Nilipoeleza habari hizi kwenye mkutano, mama mmoja aliuliza, "Bwana shamba, nami unataka nikimbie? Nikimbie kwenda wapi?" Watu walicheka sana. Mimi sikucheka. Nilikosa jibu.

Mama yule anaamka saa 11 alfajiri. Anachota maji, anafagia, anapika, anakwenda shambani na mtoto mgongoni. Anarudi na kuni. Anapika tena. Mwili wake umepita dakika 150 kabla wiki haijafika katikati. Anachokosa ni kupumzika. Kumwongezea mazoezi ni kumwonea.

Kwa hiyo nasema na wanaume wenzangu. Unatafuta mazoezi? Yako nyumbani kwako. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 za maji. Ndoo mbili kutoka bombani, kupanda kilima, ni kazi ya moyo na ya misuli pia. Kupasua kuni nusu saa ni vilevile. Mimi nilianza kuchota maji ya asubuhi. Mke wangu alipinga kwanza. Alisema majirani watadai amenilisha limbwata. Kweli walidai. Sasa wamechoka kusema, na yeye analala nusu saa zaidi.

Wapo akina mama wanaokaa kutwa nzima, wenye vibanda na maduka. Hao wana haja kama sisi. Kijiji kimoja katika kata yangu kimefufua uwanja wa netiboli. Wanacheza Jumamosi jioni, na watoto wanaangaliwa kwa zamu.

Mwezi wa Desemba mwaka 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi. Jumamosi ya pili ya kila mwezi ilitengwa kuwa siku ya mazoezi. Ni jambo jema. Lakini mara moja kwa mwezi ni kama kupalilia mahindi mara moja na kwenda zako. Siku ile ni ya kutukumbusha. Siku nyingine ni zetu.

Kabla hujaanza, pima presha zahanati, hasa kama umepita miaka 40. Kama una dawa za presha au za sukari, usiziache kwa sababu umeanza kutembea. Anza na dakika 10, ongeza kila wiki. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na umwone mganga. Na chumvi ile unayonyunyiza juu ya chakula kilichokwisha kupikwa, iache jikoni.

Mimi mganga alinipa masharti hayo, na tarehe za kurudi. Baada ya miezi 3 kipimo kilisoma 138 kwa 88. Nilitaka anisifu. Hakunisifu. Alisema nisilegee, akaandika tarehe nyingine kwenye kadi.

Tarehe hiyo ni Alhamisi ijayo. Kutoka kwangu hadi zahanati ni kilomita 4, kuna mto mmoja na kilima kimoja. Nitaondoka saa 12 na nusu asubuhi, na yule bibi wa kuni huwa anapita saa hizo.