Korogwe: Stesheni Iliyoihudumia Handeni

Reli haipiti Misima. Mkazi wa kata hiyo ya Handeni anayetaka kwenda Moshi au Arusha kwa treni huelekeza macho Korogwe, kwenye njia iliyojengwa na Wajerumani. Stesheni ndogo huwa na wateja wengi wasioiona reli kutoka majumbani mwao, na historia ya Korogwe inaonyesha hivyo tangu mwanzo.

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, lengo likiwa kuyafikia mashamba ya kahawa ya walowezi milimani. Mwaka 1896 ilikuwa imefika Muheza tu, kilomita 40 hivi, kampuni iliyokuwa ikiijenga ikaishiwa fedha. Serikali ya kikoloni iliichukua reli hiyo mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, kilomita 84 kutoka Tanga, kisha Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kahawa ya Usambara haikutimiza matumaini. Mkonge, ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893, ndio uliokuja kuyajaza mabehewa.

Kazi ya stesheni kama hii haikuwa kuuza tiketi pekee. Njia ni moja, upana wake mita moja, kwa hiyo treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana popote isipokuwa penye njia ya pili. Mkuu wa stesheni huwasiliana kwanza na stesheni inayofuata, akahakikisha njia ni nyeupe, ndipo airuhusu treni kuondoka. Enzi za mvuke, injini zilihitaji pia kujazwa maji na kuni safarini. Mizigo ilipimwa, ikaandikwa, ikapakiwa. Mzigo uliokuwa ukibebwa na wapagazi kwa siku kadhaa hadi pwani, sasa ulifika Tanga kwa saa chache.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, reli yenyewe iliifuata Handeni. Wajerumani walitandika reli nyembamba ya vitoroli kutoka Mombo, ikavuka mto Pangani eneo la Mkalamo na kuelekea Handeni, ili mizigo isogezwe kusini, upande wa Reli ya Kati inayoanzia Dar es Salaam. Vitoroli hivyo havikuwa na injini. Vilisukumwa kwa nguvu za Waafrika. Juni 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia Korogwe na Handeni.

Pengo kati ya Reli ya Usambara na Reli ya Kati lilizibwa rasmi mwaka 1963, ilipofunguliwa njia ya Mnyusi hadi Ruvu, yenye kilomita 188. Mnyusi iko wilayani Korogwe. Tangu hapo treni ikaweza kutoka Dar es Salaam hadi Korogwe bila kufika mjini Tanga. Miaka hiyo Tanganyika ilikuwa kinara wa mkonge duniani, na mashamba ya Korogwe yalikuwa na mchango mkubwa.

Bei ya mkonge ikaanguka, malori yakaongezeka, njia ikachakaa. Katika miaka ya 1990 treni za abiria za kaskazini zilisimama.

Baada ya Shirika la Reli Tanzania kuikarabati njia, treni za mizigo zilirejea Julai 2019, za abiria zikafika Moshi Desemba mwaka huohuo, na Arusha Oktoba 2020. Huo ni ushindi wa kweli kwa Korogwe, lakini kwa Misima haujakamilika. Mkulima wa mahindi hajazi behewa peke yake. Anahitaji ghala lisilovuja, mizani anayoiamini, ratiba isiyoyumba na namna ya kuunganisha magunia yake na ya majirani hadi behewa lijae. Vyama vya ushirika vinaweza kuifanya kazi hiyo ya kukusanya, shirika la reli likatenga behewa kwa siku zinazojulikana, na halmashauri za Handeni na Korogwe zikaitunza barabara inayoyafikisha magunia hayo stesheni.